Kuigiza bila karatasi: jinsi ya kuanza impro Lubumbashi, na jinsi ya kuitazama

Impro ni mchezo wa jukwaani ambao hakuna aliyeuandika. Wachezaji wanapanda mikono mitupu, mtu mmoja kwenye viti anatupa neno, na papo hapo watu wawili wamekwisha kuwa mama mwenye lupango na mpangaji anayejificha nyuma ya mlango. Wengi hapa mjini wakisikia hivyo husema hiyo ni kazi ya watu wenye mdomo. Mimi nasema wenye mdomo ndio huchelewa kujifunza, maana wanakuja na maneno tayari mfukoni. Anayefika mbali ni yule anayemsikia mwenzake. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata hilo: sikio kwanza, ulimi baadaye.

1. Anza na wa nyumbani

Lubumbashi haikungoja kuletewa uigizaji wa papo kwa papo. Kundi la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha hapa hapa, mbele ya watu na kwenye televisheni, bila maandishi ya kukariri. Walipatana juu ya hadithi, nani anaingia lini, nani anagombana na nani. Maneno yenyewe waliyakuta wakiwa ndani ya mchezo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa mjini, akawauliza maana ya msemo “le pouvoir se mange entier”, yaani mamlaka huliwa mazima. Badala ya kumpa maelezo, waliamua kuujengea msemo huo mchezo mzima. Wakajadiliana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, na mwishoni televisheni ikaurekodi katika kijiji cha Kawama. Fabian aliichapisha kazi hiyo mwaka 1990, Kiswahili chao kikiwa kimeandikwa jinsi kilivyotamkwa.

Kazi yako ya kwanza ni rahisi. Mtafute papa au mama aliyekuwa anaangalia michezo ile, mwombe akusimulie kipande kimoja. Sikiliza anachokumbuka. Mara nyingi hatakurudishia sentensi. Atakuambia fulani alikuwa nani, alikaaje, alimdharau nani, na aibu ilimkutaje. Weka hilo kichwani, tutalihitaji.

Tofauti moja ibaki wazi: Mufwankolo na wenzake walijua hadithi inakokwenda. Impro inakunyang'anya hata hilo.

2. Jua ilikotoka, usikae sana hapo

Michezo mingi inayotumika leo ilianzia kwa Viola Spolin, mama wa Chicago aliyefanya kazi na watoto wa familia za wahamiaji. Wengi wao walikuwa na lugha tofauti, kwa hiyo mhadhara usingewafaa. Akabuni michezo midogo ambayo mtu akiicheza tu amekwisha kujifunza kuigiza. Mwaka 1963 aliitoa katika kitabu. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha ukumbi wa The Second City mwaka 1959, na humo wakapita watu kama Bill Murray, Tina Fey na Stephen Colbert. Del Close, naye wa Chicago kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alishikilia umbo refu liitwalo Harold: neno moja tu kutoka kwa watazamaji, kisha maonyesho kadhaa yanayoanza mbalimbali na kuja kukutana.

Upande wa pili yuko Keith Johnstone, Mwingereza aliyefanya kazi Royal Court, London, kisha akahamia Calgary, Kanada. Yeye alitazama mieleka ya kulipwa, ile tunayoiita catch, akaona umati unavyopiga kelele, akajiuliza kwa nini ukumbi wa tamthilia uko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Akaanzisha mashindano ya waigizaji.

Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tuna njia yetu ya tatu. Mwaka 1977, mjini Montréal, Robert Gravel na Yvon Leduc walianzisha mechi ya impro kwa kuiga mchezo wa magongo kwenye barafu. Timu mbili zenye jezi, uwanja mdogo uliozungushiwa ubao, kocha, na refa ambaye hapendwi kwa makusudi. Refa anasoma karata: kichwa cha onyesho, idadi ya wachezaji, muda, mtindo, na kama timu zinacheza pamoja au moja baada ya nyingine. Zinapewa sekunde 20 za kunong'onezana, halafu kazi inaanza. Watu wanapiga kura kwa kadi za rangi mbili. Kuna makosa pia: kuchelewesha mchezo, kumburuta mwenzako kwa nguvu, kujicheka mwenyewe ukatoka kwenye nafasi yako, kutegemea mzaha uliochakaa. Na watazamaji wakimchukia refa wanaweza kumtupia kiatu laini cha kuvaa nyumbani. (Hapa kwetu, katika mitaa ya Kenya au Katuba, sipendekezi. Kandambili zitaruka kweli.)

Mtindo huo ukavuka hadi Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi. Jamel Debbouze, ambaye karibu kila kijana wa hapa anamjua, alijifunza impro utotoni Trappes, nje ya Paris, chini ya Alain Degois.

Uchague ipi? Mechi inavuta watu na inafurahisha, lakini nionavyo mimi ni shule mbaya kwa anayeanza. Ukivaa jezi kabla hujajua kusikiliza, utajifunza kushinda tu. Anza na michezo ya Spolin. Jezi zitakuja.

3. Kusanya watu na mahali

Watu sita hadi wanane wanatosha. Tafuteni chumba ambacho hakuna anayepita kuchungulia: darasa siku ya Jumamosi mchana, ukumbi wa parokia, hata uani kama majirani ni wavumilivu. Malizeni kabla ya giza ili msitegemee umeme. Mmoja awe kiongozi wa siku, na kazi yake iwe kusema “anza” na “basi” tu. Msialike watazamaji katika majuma ya kwanza. Mtu akitazamwa mapema anaanza kutafuta kicheko, na mchezo unafia hapo.

Simu zikae mbali. Usirekodi mazoezi.

4. Sikio

Michezo mitatu, kila mkutano, kabla ya kitu kingine chochote.

Kioo. Wawili wanatazamana. Mmoja anatembeza mikono polepole, mwingine anamfuata. Kiongozi anabadilisha anayeongoza bila kuwasimamisha. Mwishowe anasema hakuna anayeongoza, na hapo ndipo kazi ilipo: kila mmoja anamfuata mwenzake, na mikono inaendelea.

Kuhesabu hadi 20. Mnasimama duara, macho chini. Yeyote anataja namba inayofuata. Wawili wakitamka pamoja, mnarudi moja. Hakuna kupeana ishara. Kundi lenye watu wa haraka halivuki sita siku ya kwanza, na ni vizuri waone kwa nini.

Hadithi ya mduara. Wazungu huicheza kwa neno moja moja. Kwa Kiswahili mtindo huo hauna utamu, maana neno letu moja laweza kubeba sentensi nzima, na mtu mmoja akimaliza kila kitu wengine hawana la kufanya. Kila mtu atoe kipande kifupi: “Siku moja polisi wa barabarani…” “…akamsimamisha mchungaji…” “…aliyebeba mbuzi kwenye pikipiki.” Anayetoa kipande asikimalizie hadithi mwenzake. Akusudie kumpa mlango.

5. Salamu ndiyo inafungua kila kitu

Nitakaa hapa, kwa sababu ndipo mchezaji wa Lubumbashi ana mali ambayo vitabu vya nje haviijui.

Sisi hatuwezi kufungua mdomo mbele ya mtu bila kumwita kitu. Papa, mama, yaya, shemeki, muzee, mwana, patron. Mchezaji wa Chicago anahitaji sentensi mbili tatu kuonyesha kwamba huyu aliyesimama mbele yake ni kaka wa mkewe. Wewe unasema “shemeki” na ukumbi mzima umekwisha jua kuna mahari katikati, kuna heshima ya lazima, na pengine kuna deni. Kwa hiyo sheria ya kundi lenu iwe hii: hakuna onyesho linaloanza bila mtu kumwita mwenzake jina la uhusiano, na akishaitwa hivyo, ndivyo alivyo hadi mwisho. Ukiitwa mama mkwe, hata kama una ndevu, wewe ni mama mkwe.

Johnstone alisisitiza jambo ambalo sisi tunaliishi kila asubuhi: watu wawili wakikutana, mmoja yuko juu na mwingine chini, na kicheko kinazaliwa pale wanapobadilishana nafasi. Alikuwa akiwaonyesha wanafunzi kwamba anayeongea bila kutikisa kichwa anaonekana mkubwa, na anayejigusagusa uso anashuka mwenyewe. Jaribuni. Wawili wanaingia, wanaruhusiwa salamu tu:

— Mulilamuka muzuri, papa?
— Eeh.

Wengine wanasema nani yuko juu. Hilo ni rahisi, kwa sababu “mu” ya heshima imeshasema. Sasa rudieni maneno yaleyale, lakini anayesema “eeh” ndiye anayeogopa. Papa ana nini? Labda mwana huyu anamdai. Labda alimwona jana mahali ambapo papa hakupaswa kuwa. Hamna haja ya kuamua mapema. Mwili ukishuka, sababu itakuja yenyewe.

Wawili wengine wacheze patron anayerudi nyumbani saa nane za usiku na mlinzi ndiye mwenye ufunguo. Patron anabaki patron kwa maneno, lakini kila salamu inamshusha ngazi moja. Kipande hicho kikichezwa polepole hakihitaji mzaha hata mmoja.

6. Pokea, kisha ongeza

Hii ndiyo kanuni inayotajwa kila mahali: ukubali alichosema mwenzako kuwa kweli, kisha uongeze chako. Mfano. Watu wametoa neno “makala”, yaani mkaa.

— Shemeki, haya makala uliniletea iko na maji.
— Mi hapana shemeki yako. Na hii haiko makala, ni kuku.

Watu watacheka mara moja. Halafu? Uhusiano umekufa, makala yamekufa, na mchezaji wa kwanza amesimama na kuku ambaye hakumwomba. Sasa tazama huyu mwingine:

— Shemeki, haya makala uliniletea iko na maji.
— Ulilipa nusu ya mali, shemeki, nami nilikuletea nusu ya makala. Ile ya kuwaka iko kwa baba.
— Kwa hiyo dada yako anipikie nusu ya bukari?
— Anakupikia nzima? Mi naenda kumwambia baba.

Huyu wa pili hakutunga kitu cha ajabu. Alipokea “shemeki”, alipokea “maji”, akaviunganisha na mahari ambayo haijamalizika. Mwenzake akasikia neno “nusu”, akalichukua. Sasa wamepata mchezo wa onyesho lao, na kazi iliyobaki ni kupanda ngazi: nusu ya makala, nusu ya bukari (ugali wetu), nusu ya kitanda, mtoto aliyezaliwa mzima na sasa familia inakaa kikao kwa sababu hiyo. Mkifika kwenye mtoto, kateni. Wanaoanza huendelea hadi kicheko kiishe; kiongozi apige makofi kicheko kikiwa bado juu.

Kukubali hakumaanishi mhusika wako aseme ndiyo kwa kila kitu. Shemeki anaweza kukataa katakata kuleta makala mengine. Anachokataa ni ombi. Hakatai kwamba makala yapo na kwamba yamelowa. Watu wengi hukosea hapa, wanageuka wapole kupita kiasi, na maonyesho yao yanakosa chumvi.

Na usimuulize mwenzako maswali ya kumtwika mzigo. “Hiki ni nini?” ni uvivu. Mwambie: “Umeleta tena lile sanduku la marehemu.” Sasa ana kitu cha kushika.

7. Mikono

Hakuna vifaa jukwaani, kwa hiyo kila kitu kinatengenezwa kwa hewa. Zoezi zuri kuliko yote ni bukari, kwa sababu kila mtu ukumbini anajua inavyopikwa na hatakusamehe.

Maji yanachemka: uso unarudi nyuma kidogo kwa mvuke. Unga wa kwanza unaingia na mwiko unazunguka bila shida, mkono mmoja tu. Unaongeza unga. Sasa bega linaingia kazini, mkono wa pili unakuja, sufuria inataka kuzunguka na wewe, unaizuia. Mwishoni mwiko hauzunguki tena. Unakandamiza na kugeuza, kukandamiza na kugeuza. Ukifanya mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, mama wa safu ya mbele atajua hujawahi kusonga bukari maisha yako. Na ukiisha kuiweka sufuria chini, ikumbuke. Mchezaji mwingine akipita juu yake bila kuungua, nyumba yote mliyoijenga imebomoka.

Mikono ikishughulika, ulimi unapoa. Mtu anayesonga bukari haongei ovyo. Anaongea kama mtu wa kawaida, na hapo ndipo anachekesha.

8. Mhubiri na mkalimani

Spolin alikuwa na michezo ya kuongea kwa sauti zisizo na maana. Hapa iongezeeni kitu tunachokiona kila Jumapili: mhubiri mgeni na mkalimani wake. Mmoja anahubiri kwa lugha isiyokuwepo, mwingine anatafsiri kwa Kiswahili, na lazima aige pia mikono, jasho na kupanda kwa sauti. Mhubiri akitoa sentensi ndefu sana, mkalimani aitafsiri kwa neno moja. Akitoa neno moja, itafsiriwe kwa dakika nzima. Kisha mhubiri asikilize ametafsiriwaje na abadilike kufuatana na tafsiri. Bila hilo mchezo ni nusu. Msiige mhubiri yeyote anayejulikana mjini. Mkifanya hivyo watu watamcheka yeye, na nyinyi mtakuwa mmekopa tu.

9. Kuomba neno

Ukisema “tupeni neno lolote”, utapewa neno la chooni. Uliza swali lenye mlango mwembamba: kazi gani baba yako hangekubali uifanye? Kitu gani kimejaa chini ya kitanda chako? Wapi uliwahi kupanga foleni kuliko mahali pote? Chukua jibu la kwanza lililosikika vizuri, lirudie kwa sauti, shukuru, anza. Ukichagua jibu la tatu, watu watajua unatafuta lile ulilolizoea.

Hapa niseme kuhusu lafudhi. Mchezaji akikwama, kitu cha karibu zaidi ni kuiga matamshi ya kabila fulani, na kicheko kinakuja haraka. Mji huu una kumbukumbu ya 1992 na 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga, na kwenye viti vyenu kuna watu waliokuwepo au waliosimuliwa na wazazi wao. Utani wa watu waliokubaliana kutaniana, wakiwa wanajuana, ni kitu kingine kabisa na jukwaa ambalo hujui nani kaketi. Kundi liwe na sheria: lafudhi haiingii kama njia ya kujiokoa.

10. Jinsi ya kutazama

Mtu anaweza asitake kucheza kabisa na bado akaipenda impro kuliko wachezaji wenyewe. Mkiona tangazo la maonyesho Halle de l'Étoile au kwenye ukumbi wa chuo kikuu, kaeni karibu, si nyuma. Vipande vya video vipo vingi kwa Kifaransa. Mega ni ghali, kwa hiyo kimoja kitazame mara mbili badala ya kutazama viwili.

Mara ya pili usimtazame anayeongea. Mtazame aliyenyamaza. Shabiki wa kweli wa Mazembe haulizi tu nani amefunga. Anamkumbuka aliyetoa pasi, na aliyemvuta beki upande mwingine bila kugusa mpira. Kwenye impro aliyetoa pasi mara nyingi amesimama pembeni. Ndiye aliyeingia kama mhudumu, akasema “muzee, meza ile ya jana iko tayari”, akatoka. Kwa sentensi ile mwenzake amepata siri ya jana, na ukumbi utamshangilia mwenzake.

Angalia pia nani anaingia kuokoa na nani anaingia kuiba. Wote wawili wanafanana kwa sekunde mbili za kwanza. Anayeokoa analeta kitu kuhusu waliopo jukwaani. Mwizi analeta hadithi yake mwenyewe.

Angalia kinachorudi. Mchezaji mzuri anachukua kitu kidogo kilichosemwa mwanzo na kila mtu akakisahau, anakirudisha robo saa baadaye mahali pasipotegemewa. Hapo ndipo ukumbi hupiga makofi kabla haujajua kwa nini. Ukiweza kusema kilitoka wapi, umeanza kuwa mtazamaji mzuri.

Na usilinganishe na mchekeshaji anayesimama peke yake na kipaza sauti. Yule amekwisha kupima maneno yake mbele ya watu wengi kabla yako. Wa impro watakwama mbele ya macho yako, na sehemu ya utamu ni kuona wanavyotoka.

11. Onyesho la kwanza

Dakika 30, zisizidi. Waalike jamaa na majirani, msitoze kitu. Fungueni na mchezo wa mhubiri kwa sababu hauhitaji maelezo, wekeni maonyesho mawili ya watu wawili katikati, malizieni na kila mtu jukwaani. Mmoja akae pembeni kazi yake ikiwa kukata tu. Apewe filimbi kama sauti yake ni ndogo. Kiongozi aeleze kwa sentensi mbili kwamba hakuna kilichoandikwa, maana wapo watakaodhani mmekariri, na wengine watakaodhani mmelewa.

Watu wakiondoka, kaeni chini na kinywaji chenu cha munkoyo kabla hamjapanga viti. Kila mchezaji aseme kitu kimoja alichopewa na mwenzake jukwaani, na jina la aliyempa. Ya kwake mwenyewe asiyataje. Asiyekumbuka chochote, mkutano unaofuata aanzie kwenye kioo.